Kidole Kilichowahi

Shimba aliniita nyumbani kwake Igombe mwanzoni mwa msimu wa ngoma, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, suruali ameikunja, mkewe Dorcas anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Mhaya," aliniambia kabla sijakaa, "kamera yako bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi mwaka huu narusha jembe kwa mara ya mwisho. Nataka picha. Jembe liwe juu, mimi niwe chini yake. Siku nikifa muiweke mbele ya jeneza, watu wasije wakadhani aliyelala humo ni mzee wa fimbo na koti tu."

"Tangu magoti yaanze kuuma ameshajizika kila wiki," Dorcas alisema bila kuinua kichwa. "Karibu chai, shemeji."

"Wewe kanda," Shimba alimwambia, kisha akanigeukia. Safari hii hakuwa anatania. "Nina picha za kitambulisho, nina picha za harusi za watoto, zote nimesimama kama nguzo ya umeme. Hakuna hata moja inayoonyesha nilichokuwa nakifanya duniani. Mpiga picha ninayemjua ni wewe. Niahidi."

Nikamwahidi.

Alichokuwa anakifanya ni hiki. Wasukuma wana ngoma ya majembe, bugobogobo. Ilianzia shambani, watu wakilima kwa mstari na mpiga ngoma akiwafuata ili mikono isichoke. Siku hizi inachezwa uwanjani, na wachezaji huzungusha majembe kana kwamba hayana uzito. Vikundi viwili, Wagalu na Wagika, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Hakuna anayetoa alama. Jioni kundi lililobaki na watu ndilo lililoshinda, na lile lililobaki na vumbi linarudi nyumbani kimya.

Shimba ni wa Wagalu, na Wagika walimwogopa kwa jambo moja. Jua likianza kuinamia ziwa, wenzake wanachuchumaa na yeye anabaki amesimama peke yake. Ngoma kubwa inashuka, inanguruma chini chini kama radi iliyoko ng'ambo ya maji, halafu inakatika. Katika ukimya huo Shimba analirusha jembe. Linapanda kuzidi mapaa ya nyumba, linazunguka, na yeye halitazami. Anawatazama watu. Anajigeuza mara moja, anatoa mkono, na jembe linashuka na kuuweka mpini wake kiganjani mwake. Wapo wanaosema ana dawa. Mimi ni Mkatoliki na nimesoma, siamini mambo hayo, lakini kila nilipoliona jembe lile likirudi mkononi kwake nywele za shingoni zilinisimama.

Nilianza kumfahamu nilipotoka Muleba nikiwa kijana, nikaja kulima pamba ya watu. Waliniweka mwisho wa mstari kwa sababu mikono yangu ilizoea migomba, na kutoka huko mwisho niliijua ngoma yao kuliko walioimba mbele. Baadaye nilipata kazi ya stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mchana nilitoa vipuri, jioni nilikaa darasa la watu wazima, mpaka nikapata cheti changu cha kidato cha nne nikiwa tayari baba wa familia. Nilipostaafu wenzangu walinizawadia kamera ndogo ya dijitali. Sijawahi kupewa kitu nisikisome. Nikaisoma.

Ilikuwa na tabia moja. Ukibonyeza, haipigi papo hapo. Inalia kidogo, inavuta lenzi, inasita, ndipo inapiga. Shimba aliipenda sana tabia hiyo.

"Hii ni kamera ya Kihaya kweli," alisema. "Kabla ya kufanya kazi lazima ieleze kwanza imesomea wapi."

Nikajifunza kuiwahi. Mtoto anayekaribia kucheka, ndege anayekaribia kuruka, wimbi linalokaribia kupasukia jiwe: nilibonyeza kabla ya jambo, na kamera kwa kuchelewa kwake ikalikuta jambo lenyewe. Kwa miaka mingi kidole changu kilizoea kuishi mbele kidogo ya saa. Na jembe la Shimba nililiwahi pia. Tatizo lilikuwa mwanga. Kwa jua lile la jioni kamera yangu ilinipa kila mwaka kitu cheusi kilichovutika angani, na chini yake mtu asiye na uso.

Jumamosi wapenzi wa picha tunakutana Mirongo, kwenye mgahawa mmoja wa chai na maandazi. Hakuna kati yetu anayekula kwa kupiga picha. Yupo Selina, mwalimu, anayepiga kwa simu yake basi. Na yupo Machibya, karani wa bima, mtu wa makamo anayebadilisha kamera kama wengine wanavyobadilisha mashati. Jumamosi iliyofuata aliingia na mkoba mpya begani.

"Shikamoo, Mzee Longino."

"Marahaba. Na hiyo je?"

"Ya mwezi uliopita."

"Ile ya Pasaka imekufa?"

"Haijafa. Ilikuwa na udhaifu."

"Udhaifu gani?"

Machibya alifikiri. "Haikuwa hii," alisema.

Selina alicheka mpaka chai ikamwagika mezani. Mimi nikachukua nafasi hiyo kueleza, kama nilivyozoea kueleza, kwamba picha inapigwa na jicho, kwamba kamera ni kalamu tu, na kwamba mtu asiye na la kuandika hata ukimpa kalamu ya dhahabu atachora duara. Walikuwa wameshayasikia. Machibya alinisikiliza kwa adabu, kisha akaomba kuona picha ya jembe ya mwaka jana. Nilikuwa nayo mfukoni.

"Hiki ni nini, mzee?"

"Jembe."

"Mimi naona popo."

"Ni jembe," nilisema.

"Jicho lako halina shida," alisema Machibya, na sasa alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeongea na baba yake. "Ulilijua jembe linakwenda wapi na ukalifuata. Mimi nisingeweza. Lakini hicho kimashine hakikukusaidia. Sasa huyo rafiki yako, mwakani atarusha tena?"

Nilitikisa kichwa. Yeye akausukuma ule mkoba kuelekea upande wangu wa meza.

"Chukua hii. Mimi siku hiyo nitatumia ile dhaifu."

Napenda kusema kwamba niliupokea kwa moyo mweupe. Niliuangalia mpaka chai ikapoa. Kisha nikafikiria jeneza la Shimba na popo mbele yake, nikauchukua.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma nyumbani Kiseke, kamusi ikiwa pembeni, kutoka ukurasa wa kwanza hadi ule wenye anwani ya kiwanda. Nikaenda kufanya mazoezi. Nilipiga mawe yanayokaa juu ya mawe pale juu ya nyumba yetu. Nilipiga korongo waliosimama jalalani kama mahakimu. Nilimpiga mke wangu akichambua mchele. Picha zilitoka safi: niliona chembe za mwamba, niliona mshipa kwenye mguu wa korongo, niliona punje ya mchele ikiwa na kivuli chake. Nilijisikia kama siku ile nilipovaa miwani kwa mara ya kwanza na kugundua kuwa miti ina majani mojamoja.

Machibya aliniambia kuna mpangilio ambao ukishikilia kidole inapiga mfululizo, picha juu ya picha, halafu unachagua. Nikaukataa. Nilimwambia huo ni uvuvi wa kokoro, wavu unaokokota kila kitu mpaka vifaranga vya samaki, halafu mtu anajiita mvuvi. Mimi ningepiga moja.

"Sawa, mzee," alisema. "Ila wa kokoro hawarudi na njaa."

Siku ya ngoma uwanja ulikuwa karibu na mwalo, mahali wanawake wanapoanika dagaa, na harufu yao ilikuwa imeshika hewa yote. Ziwa lilikuwa limetulia. Wagika walikuwa upande wa mawe, Wagalu upande wa maji. Watu walikwenda na kurudi kati yao mchana kutwa, na Wagika walikuwa na mtu wa kucheza na chatu, kwa hiyo jua lilipoanza kushuka umati mkubwa ulikuwa kwao. Machibya alisimama nyuma ya kamba pamoja na watu wengine na simu zao. Mimi Wagalu waliniruhusu kuingia ndani ya duara, kwa sababu nililima nao.

Wachezaji wakachuchumaa. Shimba akabaki amesimama. Alikuwa ameyafunga magoti yake kwa vitambaa vyekundu ili yaonekane ni mapambo. Aliniangalia mara moja, akahakikisha nipo, akaniacha. Upande wa pili watu walianza kugeuza vichwa. Neno lilikuwa limepita kwamba mzee anarusha kwa mara ya mwisho. Wakaanza kuja, kwanza wachache, kisha kama maji yanapopata mfereji.

Ngoma kubwa ikashuka. Niliisikia kwenye nyayo. Nilimweka Shimba katikati ya kioo, nikaacha nafasi ya kutosha ya anga juu yake, na ngoma ilipofika pale ninapopajua, pale ambapo kwa miaka yote nimebonyeza, kidole changu kikabonyeza.

Kamera ya Machibya ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefunga mdomo. Ikawa imemaliza.

Ngoma ilikuwa bado inanguruma.

Nilielewa papo hapo, na kuelewa hakukunisaidia. Kamera hii haikuwa inachelewa. Mawe na korongo hawakunifundisha hilo kwa sababu hawaendi popote, na kitabu kilieleza kila kitufe isipokuwa kidole changu. Ngoma ikakatika. Jembe likaondoka.

Bado ningeweza kubonyeza tena. Nafasi ilikuwepo, nyembamba, lakini ilikuwepo. Ila macho yangu yalikuwa yameshatoka kwenye kioo. Miaka yote nilikuwa nimeliona jembe lile kupitia kidirisha, dogo kama kijiko, huku nikiwa na wasiwasi wa mashine. Sasa niliinua kichwa kama watu wengine wote. Lilipanda likizunguka polepole kuliko nilivyojua, na kila lilipogeuka, bapa lake lililong'arishwa na udongo wa miaka lilishika jua na kulirudisha majini. Ngoma za Wagika zilinyamaza. Mtoto aliyekuwa analia mgongoni mwa mama yake alinyamaza. Jembe likafika mahali ambapo halikuwa linapanda wala kushuka, likakaa hapo, na mimi nilisahau kuwa nilikuwa nimebeba kamera, nikasahau kuwa nilikuwa nimeahidi kitu.

Kisha likashuka. Shimba, macho kwa watu, akajigeuza, goti likamsaliti, akapiga goti chini, na akiwa hapo chini akatoa mkono na kulipokea kwa mpini. Uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Hakuna mtu aliyebaki upande wa mawe.

Vijana wa Wagalu walimbeba kwa sababu hakuweza kusimama. Walipompitisha mbele yangu aliinama kutoka begani mwao.

"Umelipata?"

Nilikuwa nimeshaangalia kioo cha nyuma ya kamera. Kwenye picha yangu jembe lilikuwa bado halijatoka mikononi mwake.

"Sikulipata," nilisema.

Nilitegemea tusi. Nilitegemea aniulize elimu yangu yote ya jioni ilikuwa ya nini. Angenitania, ningepona.

"Basi," alisema, na wakampitisha.

Kesho yake nilirudisha mkoba kwa Machibya. Alinionyesha picha yake. Lilikuwa jembe, kali na safi, unaweza kuhesabu nyufa za mpini, likiwa limesimama angani peke yake. Vichwa na mikono ya watu vilikuwa vimemziba Shimba kabisa.

"Nimepata jembe lisilo na mtu," alisema.

"Mimi nimepata mtu ambaye hajarusha jembe. Ifute."

"Subiri tuione kwanza kwa ukubwa."

Akaiweka kwenye kompyuta. Ikajaa kioo kizima.

Shimba alikuwa amesimama, visigino vimeanza kuachana na ardhi. Mikono miwili ilikuwa imeshika mpini, jembe likiwa karibu na mapaja, kama la mtu yeyote anayekwenda shamba. Lakini kichwa alikuwa amekiinua. Alikuwa anaangalia juu, mahali patupu, na uso wake ulikuwa uso nisiowahi kuuona kwa mtu huyu niliyekula naye tangu ujana. Mdomo umefunguka kidogo. Mwanga wa ziwa umemwingia machoni. Alionekana kama mtu anayesomewa kitu na hatimaye anakielewa. Nyuma yake umati bado ulikuwa unatazama mikono yake, kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama huko anakotazama yeye.

"Mzee," Machibya alisema kwa sauti ya kanisani, "anaangalia."

Alikuwa anaangalia. Watu wote tuliosema halitazami jembe, walioamini dawa na tuliokataa dawa, hatukuwahi kumtazama uso kabla ya kurusha, maana tulikuwa tunalingoja jembe. Alikuwa anapaona kwanza mahali litakapofika. Akishapaona, analipeleka, na hana haja ya kulifuata tena kwa macho.

Nilikwenda kuisafisha picha ile mjini, kubwa, nikaiweka kwenye fremu, nikaipeleka Igombe nikiwa nimeifunika kwa gazeti. Njia nzima sikujua napeleka zawadi au matusi. Dorcas alinipokea. Shimba alikuwa kwenye kiti kile kile, fimbo pembeni yake, na alinisalimu kwa upole, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni baya.

"Jembe halipo angani," nilimwambia kabla sijafunua. "Ujue mapema."

"Najua. Ulishasema."

Nikaifunua, nikaiegemeza ukutani.

Aliitazama muda mrefu. Dorcas alikuja akasimama nyuma ya kiti na mwiko mkononi.

"Hapo unaomba mvua," alisema.

Shimba hakucheka. Alijiinua, akakataa fimbo, akaenda mpaka karibu na kioo cha fremu, akainama kama anavyoinama mtu dirishani kwa jirani.

"Mimi sikujua kama huwa naangalia," alisema hatimaye. "Miaka yote hii. Waliponiuliza nafanyaje, nilisema sijui, wakasema nawaficha dawa. Nilikuwa sijui kweli." Akaigusa fremu. "Jembe nalifahamu. Huyu sikuwahi kumwona."

"Na huyo Machibya uliyetuambia ana ile ya jembe likiwa juu," Dorcas alisema. "Tuitundike juu ya hii. Itakuwa imekamilika."

Nilimwambia hilo ni wazo zuri, na nilimaanisha. Shimba alitikisa kichwa.

"Hapo juu paache patupu."

Niliipigilia mwenyewe ukutani, chini kidogo kuliko kawaida ya picha, kama alivyotaka.

Machibya ameshaniuliza zaidi ya mara moja kama sasa nitanunua kamera mpya. Kamera yangu isingeweza kuipiga picha ile. Kwa mwanga ule ningepata giza lenye miguu. Na kamera yake, mikononi mwa mtu aliyeizoea, ingepata jembe angani, kama ya kila mtu. Nimelipindua swali hilo pande zote, na mimi ni mtu ninayependa kuwa na jibu. Nilimwambia sijui. Selina aliweka kikombe chake chini na kuniomba nirudie, maana alisema hajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwangu.

Kwa sasa ninapiga kwa ile ya zamani, na kidole kinaendelea kuiwahi. Ila Jumapili baada ya misa huwa nakwenda Igombe kunywa chai, nakaa kwenye kona nikiwaangalia wageni wa Shimba wanavyoingia. Wanasalimia. Wanaiona picha. Wanamtazama mzee kwenye ukuta, kisha, bila kuambiwa na mtu, wanainua macho taratibu mpaka kwenye ukuta mtupu ulio juu yake, na wanabaki wanatazama hapo, midomo imefunguka kidogo. Wengine husogea nyuma hatua moja, kumpisha atakayelipokea jembe.